Vijiti Sita vya Mhina

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Ebla alipita nyuma ya darasa la tano kutazama makopo yake sita. Yalikuwa makopo ya mafuta ya kupikia, yamepangwa kando ya ukuta, na ndani ya kila kopo kulikuwa na kijiti cha mhina chenye majani machanga. Ebla aliyahesabu majani hayo moja moja, akayagusa kwa ncha ya kidole, kisha akayamwagilia maji kabla ya kuingia darasani.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Aliishi na nyanya yake, Osob, katika kitongoji kimoja cha mji wa Garissa, mwendo mfupi kutoka mto Tana. Nyanya alifuga mbuzi na kuuza maziwa nyumba kwa nyumba. Mbuzi wale hawakuacha jani lolote likue pale nyumbani, ndiyo maana Ebla aliomba ruhusa ya kuweka makopo yake shuleni.

Vijiti vyenyewe vilitoka Bura, kwa mama yake.

Mwaka ule wa 1966 vita vya serikali na shifta, wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimekwisha kuzoeleka kama jua. Wafugaji waliamriwa wahamie katika vijiji vilivyolindwa na askari, na barabara zilifungwa siku nyingi kuliko zilivyofunguliwa. Mama yake Ebla, Sharifo, alishikwa na homa katika kijiji kimoja cha namna hiyo karibu na Bura. Lori la kumleta hospitali lilingojwa siku nne. Siku ya tano halikuhitajika tena.

Ebla hakuwepo mama yake alipozikwa. Wiki tatu baadaye alifika Rukiyo, mdogo wake marehemu, amebeba furushi la kitambaa kilicholowa maji. Ndani yake mlikuwa na matawi sita aliyoyakata kwenye mhina ambao Sharifo aliupanda kando ya kisima. Kwa majani ya mti huo Sharifo aliwapamba maharusi mikono, na kila Idi alimpamba binti yake. Rukiyo alieleza kwamba mti wenyewe umebaki kule na hakuna wa kuutunza, naye ameleta alichoweza kubeba. Nyanya alipouliza kuhusu siku za mwisho za mwanawe, Rukiyo alisema kwamba Sharifo aliomba maji mpaka pumzi ilipokatika. Tangu siku hiyo Ebla hakuona maji yakimwagika bila kuyakumbuka maneno hayo.

Aliyemfundisha jinsi ya kuotesha matawi yale ni Mirriam, msichana aliyekaa naye dawati moja. Mirriam alikuwa Mkamba kutoka Mwingi. Baba yake, Musyoka, alifanya kazi katika bustani ya miche ya serikali kando ya mto. Siku moja watoto fulani walimwita Ebla mtoto wa shifta, na Mirriam alichukua vitabu vyake akahamia kando yake. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki.

Mirriam alimwonyesha namna ya kukata matawi yawe vijiti vya urefu wa shubiri moja, kuondoa majani ya chini na kuvisimamisha katika chupa za maji dirishani. Maji waliyabadilisha kila baada ya siku mbili. Siku ya kumi na nane, mizizi myeupe, myembamba kama uzi, ilichomoza. Ebla alilia na kucheka kwa wakati mmoja, na Mirriam akacheka naye.

Kisha ukafika wakati wa kuvihamishia kwenye udongo. Mirriam alirudia maagizo ya baba yake mara mbili ili yasisahaulike. Kila kopo litobolewe matundu chini kwa msumari. Udongo uchanganywe na mchanga. Vijiti vikae kivulini wiki mbili za kwanza, na visimwagiliwe mpaka kidole kikitiwa kwenye udongo kihisi umekauka.

Ebla aliitikia yote, lakini hakuyafanya. Alitoboa kopo la kwanza, akaona maji yakivuja chini. Maji hayo alikuwa ameyabeba kichwani kutoka mtoni, na hakustahimili kuyaona yakipotea. Akaziba matundu kwa udongo wa mfinyanzi, na makopo mengine akayaacha bila kuyatoboa. Mchanga pia hakuutia, kwa kuwa udongo mweusi wa ukingoni mwa mto ulionekana kuwa na rutuba ya kutosha peke yake. Halafu akawa anamwagilia asubuhi, wakati wa mapumziko, adhuhuri, na tena kabla ya kwenda nyumbani. Kila alipoinamisha kibuyu alihisi kwamba safari hii mama amepata maji.

Siku ya kumi, ambayo ilikuwa Alhamisi, aliona majani ya chini yamegeuka rangi ya manjano. Aliyachuma upesi kabla mtu hajayaona, akayaficha ndani ya kitabu chake cha hesabu. Ijumaa akakuta mengine. Hayo pia aliyaficha, akazidisha maji. Usiku ule alishikwa na homa, akalala nyumbani mpaka Jumatatu. Mirriam alipita kumjulia hali na kumwambia asiwe na wasiwasi, vijiti atavitazama yeye.

Jumanne Ebla aliporudi shuleni alikuta wenzake wamezunguka makopo. Vijiti vinne vilikuwa vimelegea na kuinama, majani yake manjano tupu. Viwili vilivyobaki navyo vilikuwa vimeanza kunywea. Mwalimu Gacheri, mwalimu wao wa darasa, mwanamke wa Meru aliyesema polepole, aliuliza hali hiyo ilianza lini.

Ebla alijua. Majani yalikuwa ndani ya mkoba wake, katikati ya kurasa za hesabu. Lakini kusema hivyo kulikuwa sawa na kusema kwamba kile kitu pekee alichoachiwa na mama yake amekiua kwa mikono yake mwenyewe, na mdomo wake ukakataa.

"Niliviacha vikiwa vizima," alisema. "Mirriam ndiye aliyekuwa navyo."

Mvulana mmoja aliyeitwa Bulle aliuliza kama Mirriam ametia kitu ndani ya makopo. Ebla angeweza kusema hapana. Akaitikia kwa kichwa.

Mirriam alimtazama Ebla kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha aliingia darasani, akachukua vitabu vyake na kwenda kukaa dawati la nyuma kabisa, peke yake.

Habari hiyo haikulala shuleni. Bulle alimwambia mama yake, Shurie, naye Shurie akaifikisha mtoni wanawake walikokuwa wakichota maji. Katika mji ambao watu walikwisha kuogopana, ilipata miguu. Kufikia jioni ilisemwa kwamba watu wa Musyoka wamemwaga sumu kwenye mti wa marehemu. Osob naye aliisikia. Kwa miaka miwili alikuwa akimpelekea mama yake Mirriam maziwa kila siku, na nyumba ile ilikuwa na mtoto mchanga wa miezi minane. Kesho yake Osob hakwenda, na mama yake Mirriam alipokuja mwenyewe na kikombe chake, Osob alimwambia maziwa yamekwisha. Ebla alikuwa amesimama mlangoni. Aliona kibuyu cha maziwa kikiwa nusu, kisha akamwona yule mama akirudi na kikombe kitupu.

Siku ya Alhamisi, Mwalimu Gacheri alimwomba Musyoka apite shuleni avitazame vijiti. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye viganja vilivyopasuka kwa kazi ya udongo. Alichutama mbele ya makopo, Ebla akiwa amesimama kando yake. Alitia kidole kwenye udongo, akakinusa. Kisha akalipindua kopo moja taratibu juu ya kiganja chake, na maji meusi yenye uvundo yakatoka kabla ya udongo. Alisuuza mizizi ya kile kijiti kwenye bakuli. Ilikuwa ya hudhurungi na laini, na alipoivuta kwa vidole ganda lake lilichubuka, likabaki uzi tu.

"Njoo uone, mwanangu," alisema. "Jani likinyauka na udongo umekauka, mmea una kiu. Jani likinyauka na udongo umelowa hivi, mizizi imekosa hewa. Imezama. Mtu akiona mmea umelegea huuongezea maji, na hapo ndipo anapoumaliza."

Alipindua makopo yote sita. Vijiti vinne vilikuwa vimeoza. Katika viwili mlibaki mizizi michache myeupe. Musyoka alitoa kisu chake, akakata sehemu zote zilizooza na kuondoa nusu ya majani, akieleza kwamba mizizi michache haiwezi kulisha majani mengi. Alitoboa makopo mawili kwa msumari na jiwe, akachanganya udongo na mchanga, akavipanda vijiti upya na kuviweka chini ya kivuli cha jiko la shule. Kila alichokifanya alikifanya polepole ili Ebla aone. Alipomaliza, alinawa mikono na kuuliza majani ya chini yalianza kugeuka lini.

Ebla aliubana mkoba wake kwapani.

"Ugonjwa huu hauingii kwa siku tatu," Musyoka alisema kwa sauti ya chini, isiyofika kwa watoto wengine. "Mimi kesho alfajiri nakwenda Modogashe kupeleka miche. Jumatatu nitarudi. Ningefurahi nikirudi nikute wewe na Mirriam mmezungumza."

Alimwekea mkono kichwani kidogo, akaenda zake.

Jioni ile Ebla alifika mpaka karibu na nyumba ya Musyoka. Alimsikia mtoto mchanga akilia ndani, akakumbuka kile kikombe kitupu, akageuka nyuma. Akajiambia atakwenda kesho. Ijumaa shuleni alisogea mpaka dawati la nyuma, kisha akapita kana kwamba alikuwa akienda dirishani. Akajiambia atasema Jumatatu asubuhi, kabla baba yake Mirriam hajarudi.

Jumatatu asubuhi, somo la kwanza likiendelea, mwalimu mkuu alikuja mlangoni na kunong'ona na Mwalimu Gacheri. Mwalimu aliweka chaki chini. Alitembea mpaka dawati la nyuma, akamshika Mirriam bega, wakatoka pamoja. Baada ya muda sauti moja ilisikika kutoka nje, ya juu na ndefu, kisha ikakatika.

Ijumaa ile lori lililobeba miche lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani, kabla kidogo ya kufika Modogashe, na habari ikachelewa kwa sababu barabara ilifungwa. Dereva na Musyoka walikufa papo hapo. Watu waliofika baadaye walisema miche ilitapakaa barabarani mbali sana.

Ebla hakungoja kengele ya kutoka. Alikimbia nyumbani, akamkuta nyanya yake akikamua, akafungua kitabu cha hesabu mbele yake. Majani yakaanguka chini, yamekauka. Alieleza yote kwa Kisomali, maneno yakigongana: matundu aliyoyaziba, maji aliyoyamwaga, siku aliyoyachuma majani, jinsi alivyoitikia kwa kichwa. Osob alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Nilipomnyima yule mama maziwa, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, ayeeyo," Ebla alimjibu nyanya yake.

Nyanya aliketi chini mavumbini, mbuzi wakimzunguka. Alikuwa amemzika mwanawe kwa mbali, bila kumwona, na sasa alijua kwamba katika majonzi yake amemwongezea mjane njaa ya mtoto. Hatimaye alisimama, akajaza kibuyu maziwa yote ya siku ile, akajitanda shuka, akamwambia Ebla waende pamoja.

Nyumba ya msiba ilijaa watu wa bara: wake za askari, makarani, walimu, wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Mwanamke wa Kisomali na mjukuu wake walipoingia, wimbo ulikufa. Osob hakuwa na Kiswahili kingi, na hicho kidogo alikitamka kama watu wa kwao wanavyokitamka. Alipiga magoti mbele ya mama yake Mirriam, akaweka kibuyu kati yao.

"Bole, mama," alisema. "Bole sana."

Mama yake Mirriam alikitazama kibuyu, asijue akipokee au akiache. Ndipo Ebla alipozungumza. Alisema mbele ya watu wote kwamba Mirriam hakutia kitu chochote. Vijiti vilianza kuharibika mikononi mwake mwenyewe, naye alijua, akaficha, akasema uongo. Hakuacha neno hata moja.

"Mume wangu alituambia," mama yake Mirriam alisema alipomaliza. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka. "Aliporudi kutoka shuleni alisema ni maji. Akasema tusikwambie kitu, tukungoje, utakuja mwenyewe."

Mirriam alikuwa amekaa pembeni, amempakata mdogo wake.

"Ungekuja Alhamisi," alisema. "Alikuwa hapa jioni nzima. Kila aliposikia mtu akipita nje aliuliza kama ni wewe."

Ebla alisema kwamba kijiti kimoja kati ya viwili vilivyobaki ni cha Mirriam, aende nacho Mwingi watakapompeleka baba yake kuzikwa. Mirriam alitikisa kichwa. Alisema safari ni ndefu na kitakauka njiani. Kisha, bila kumtazama, akaongeza kwamba visitolewe kivulini mpaka viote jani jipya. Baada ya hapo aligeukia ukuta. Mama yake alimimina maziwa kikombeni, akamnywesha mtoto.

Jumatano msafara wa malori uliondoka kwa ulinzi wa askari, ukiwa na jeneza, mjane na watoto wake. Ebla alisimama kando ya barabara pamoja na darasa zima. Mirriam alipita juu ya lori akitazama mbele. Hakupunga mkono, na Ebla hakuona haki yoyote ya kumtaka apunge.

Siku hiyohiyo Mwalimu Gacheri alimpa nafasi ya kusema ukweli mbele ya darasa. Hakumchapa wala hakumgombeza. Aliwaambia wanafunzi wachukue madaftari yao na waandike dalili zote ambazo Musyoka alizisoma kwenye makopo yale, moja baada ya nyingine, kwa sababu huyo alikuwa mtu aliyetafuta chanzo kabla ya kumtafuta mkosaji. Wiki tatu baadaye vijiti vyote viwili vilitoa majani mapya, ya kijani, madogo kama punje za mchele. Ebla aliyaona, akashukuru, lakini hakuweza kufurahi.

Siku ile ya msafara, alipofika nyumbani kutoka shuleni, alidhani amemaliza. Nyanya alikuwa akimngoja mlangoni na fimbo yake ya kutembelea. Alimwambia kwamba ukweli ameusema katika nyumba moja na darasa moja tu, lakini uongo wake uliingia nyumba nyingi. Wakatoka. Walibisha hodi kila mlango ambao Osob alikuwa akiuza maziwa, na kila mlango Ebla alieleza yale yale tangu mwanzo. Wengine walimhurumia. Wengine walitazama pembeni, kwa maana wao pia waliyarudia maneno yale mtoni. Mpaka wanafika nyumba ya mwisho jua lilikuwa linashuka na saa ya amri ya kutotoka nje ilikaribia.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Shurie, mama yake Bulle. Alisikia mwanzo wa maneno, akainua mkono kumkatiza. Alisema wale watu wameshaondoka, na hawatarudi Garissa, sasa kuna faida gani ya kuwasumbua watu jioni yote hii.

"Wao wameondoka," Osob alimjibu kwa Kisomali. "Jina lao limebaki hapa, nasi ndio tuliolichafua. Mimi ni mtu mzima, na nilimnyima mtoto mchanga maziwa kwa sababu ya maneno niliyoyasikia bila kuyachunguza." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Nawe ushike hili, Ebla. Ukikosa, sema siku ileile, hata kama mdomo unakataa. Usijiambie utasema kesho. Msamaha unaombwa kwa mtu, na mtu anaweza asirudi. Ukichelewa, utaomba kwa waliobaki, na kuna pahali ndani yako patakapoendelea kungoja jibu. Haya, endelea. Mweleze mpaka mwisho."

Ebla alifuta uso kwa pindo la shuka ya nyanya yake, akaanza upya. Shurie alishusha mtungi wake chini, akaketi kizingitini, akasikiliza.